Wanafunzi wangu wanajua kila kitu kuhusu kipindupindu, lakini hawanawi mikono

*Swali: Nafundisha sayansi shule ya msingi. Nikiuliza dalili za kipindupindu, darasa zima linanyoosha mikono. Nikiuliza namna ya kukizuia, wananitajia njia zote. Kisha kengele ya mapumziko inalia, nasimama karibu na vyoo, na ninachokiona ni watoto wawili watatu wakilowesha ncha za vidole. Waliobaki wanapita moja kwa moja kwenda kucheza. Je, somo la sayansi linabadilisha kweli usafi wa mtoto, au tunajidanganya? Na jambo la pili: mwalimu mkuu ana fedha kidogo, anauliza anunue hadubini au aongeze koki za kunawia. Nimwambie nini?*

Mwalimu, jambo la kwanza ulilouliza lina maswali mawili ndani yake, na tatizo huanza pale tunapoyajibu kama moja.

Kunawa mikono baada ya kutoka chooni ni mazoea. Mtoto hasimami mlangoni akapima faida na hasara. Kengele imelia, mpira umeshaanza, wenzake wanamwita, na mwili wake unafanya kile ulichozoea kufanya. Lakini kuamua kama maji haya yananyweka, kama mdogo wake anayehara apewe maji au anyimwe, kama ndoo ifunikwe au iachwe wazi, hayo ni maamuzi, na mtu huamua kwa kile anachokijua. Somo la sayansi lina nguvu kubwa kwenye maamuzi na nguvu ndogo sana kwenye mazoea. Ukisimama karibu na vyoo kulipima somo lako, unapima uzito kwa rula.

Kuhusu mazoea, kuna utafiti mmoja ambao huwa nawasimulia walimu kwa sababu unatushusha mabega kidogo. Ulifanyika katika shule mbili za msingi nchini Bangladesh na ukachapishwa mwaka 2016. Watafiti hawakufundisha chochote. Waliweka mahali pa kunawia, wakatengeneza njia yenye rangi angavu kutoka chooni hadi hapo, wakachora nyayo kwenye njia na viganja mahali pa kunawia. Kabla ya hapo, waliokuwa wakinawa kwa sabuni baada ya kutoka chooni walikuwa asilimia 4. Wiki sita baada ya michoro kukamilika walikuwa asilimia 74. Hapakuwa na wimbo, bango wala hotuba ya asubuhi. Shule mbili ni chache, nakubali, na wiki sita si mwaka. Hata hivyo tofauti hiyo ni kubwa mno kuipuuza, na haikuletwa na ubao na chaki.

Wala usidhani ni utoto. Mwaka 1847, katika wodi ya wazazi mjini Vienna, daktari Ignaz Semmelweis aliwaagiza wenzake waoshe mikono kwa maji yenye chokaa ya klorini kabla ya kuwagusa akina mama. Vifo vilivyokuwa karibu asilimia 18 mwezi Aprili vilishuka hadi karibu asilimia 2 kufikia Juni. Takwimu zilikuwa mezani. Bado madaktari wengi walimpinga kwa miaka, kwa sababu hakuwa na maelezo ya kuwaridhisha, na kwa sababu hakuna bwana mkubwa anayependa kuambiwa kwamba mikono yake inaua. Kama watu wazima waliosomea tiba walishindwa, mtoto wa miaka kumi anayekuta koki kavu na hakuna sabuni tumlaumu kwa lipi? Takwimu za WHO na UNICEF za mwaka 2019 zilionyesha kwamba asilimia 43 ya shule duniani hazikuwa na mahali pa kunawia penye maji na sabuni kwa pamoja. Hao ni watoto milioni 818. Kwao, "nawa mikono kwa sabuni na maji tiririka" ni jibu la mtihani tu.

Basi somo lako lina kazi gani? Lina kazi kubwa, tena isiyoweza kufanywa na koki wala michoro ya nyayo.

Imani moja inaua watu wengi kuliko ujinga wa jumla: kwamba maji maangavu ni maji safi. Macho yanatuambia hivyo tangu tukiwa wadogo. Hakuna sentensi ya kitabuni inayoweza kushindana na macho. Macho yanashindwa na macho. Chukua glasi nne za kioo, kila moja ina mililita 200 za maji. Dondoshea tone moja la wino kwenye ya kwanza, koroga. Chota kijiko cha chai kutoka humo, tia kwenye ya pili, koroga. Kutoka ya pili kwenda ya tatu, kutoka ya tatu kwenda ya nne. Ya kwanza ina rangi, ya pili rangi ni ya kuitafuta, ya tatu na ya nne ni maji tu. Waambie wino ule ulikuwa kinyesi, kisha uliza nani anakunywa glasi ya nne. Nimefanya zoezi hili mara nyingi, na karibu kila mara kuna mtoto mmoja jasiri anayeinyanyua, anaielekeza kwenye dirisha, anainusa, halafu anairudisha mezani polepole bila kusema neno. Huyo ameshaelewa.

Usiishie hapo, wape hesabu. Tone ni kama sehemu moja ya ishirini ya mililita, kijiko cha chai ni mililita 5. Glasi ya nne ina sehemu moja ya wino kwa takriban milioni 256 za maji. Kinyesi cha mgonjwa wa kipindupindu kinaweza kuwa na bakteria bilioni moja katika mililita moja. Watoto wakigawanya wenyewe watakuta kwamba kwenye glasi ile angavu bado kuna bakteria karibu 800. Hapo darasa hunyamaza.

Na hapo ndipo penye sayansi ambayo vitabu vingi vya shule huiruka: je, 800 wanatosha kuugua? Inategemea ni nani. Bakteria wa kipindupindu ni wanyonge mbele ya asidi ya tumbo, na kwa mtu mwenye afya kwa kawaida wanahitajika wengi mno, kuanzia maelfu mengi hadi mamilioni. Shigella, anayeleta kuhara damu, ni habari nyingine kabisa: kati ya 10 na 100 wanaweza kutosha. Kwa hiyo kuhara damu husambaa kirahisi kwa mikono, kitasa cha mlango na kikombe cha kupokezana, ilhali mlipuko mkubwa wa kipindupindu mara nyingi una chanzo cha maji au chakula kilichochafuliwa sana. Mtoto akilielewa hili, "nawa mikono" na "tibu maji" zinaacha kuwa amri mbili zinazofanana. Anajua ipi inazuia nini.

Hapa pia pana kosa ambalo walimu wazuri hulifanya kwa nia njema. Wanasema bakteria mmoja kwenye glasi ya maji atakuwa mamilioni kesho asubuhi. Ni kweli kwamba bakteria wa utumbo kama *E. coli* akipata joto na lishe hugawanyika karibu kila dakika 20, na ndani ya saa nane mmoja anaweza kufika milioni 16 na zaidi. Lakini maji safi ya kunywa hayana lishe ya kutosha. Humo vimelea wengi wa matumbo hudumu kwa muda na kupungua taratibu. Hesabu ya kuzaliana ni ya chakula kilicholala bila kufunikwa. Ukiichanganya na maji, siku mtoto atakapokuwa na akili ya kuhoji, atakuhoji, na atakuwa na haki.

Jambo la pili ambalo somo linaweza na mazoea hayawezi ni kutenganisha njia. Kwenye mitihani tunaweka kichwa "magonjwa yatokanayo na maji" na chini yake tunapanga kipindupindu, homa ya matumbo, homa ya ini A, kichocho, na wengine wanachomeka malaria. Mtoto anakariri orodha na kuhitimisha kwamba dawa ya yote ni kuchemsha maji. Kumbe kichocho hakipiti mdomoni. Vijidudu vyake hutoka kwenye konokono wa majini na kupenya ngozi ya mtu anayeoga, kufua au kuvuka kijito. Unaweza kuchemsha kila tone unalokunywa na bado ukakipata wakati wa kuogelea. Na malaria inahusiana na maji kwa sababu tu mbu huzaliana humo. Mimi ningefuta orodha ile ubaoni na kuweka mchoro mmoja: kinyesi upande huu, mdomo upande ule, na katikati mishale inayopita kwenye vidole, nzi, maji, udongo na chakula. Kisha wanafunzi waweke vizuizi wenyewe. Choo kinakata mishale mingi kwa mpigo. Sabuni inakata ule wa vidole. Kifuniko kinakata wa nzi. Kila ugonjwa upewe mchoro wake, na kichocho kitakataa kuingia kwenye mchoro wa mdomo, jambo ambalo ndilo unalolitaka.

Ushahidi kwamba maarifa ya namna hii hubadilisha maisha upo, na mzuri zaidi ni wa mnyoo wa Guinea. Mwaka 1986 watu wapatao milioni 3.5 kwa mwaka walikuwa wakiugua. Mwaka 2023 waliripotiwa 14 duniani kote. Hakuna chanjo yake wala dawa ya kuutibu. Mnyoo huingia mwilini mtu anapokunywa maji ya bwawa yenye vijidudu vidogo jamii ya kamba wa majini vilivyobeba mabuu yake, na baada ya takriban mwaka mmoja unatokeza kwenye ngozi, mara nyingi mguuni, ukiwa na urefu wa hadi mita moja. Wengi hawakuuhusisha na maji, na mwaka mzima kati ya kunywa na kuugua unatosha kumpoteza yeyote. Wahudumu wa kampeni walichota maji ya bwawa lenyewe, wakawapa watu lenzi ya kukuzia, wakawaonyesha vijidudu vikirukaruka. Kisha wakawapa kitambaa cha kuchujia. Watu waliochuja walijua wanachuja nini. Hapo elimu na kifaa vilikuja kwa mkono mmoja.

Hata hivyo, mbinu za kuonyesha zina mitego. Lile zoezi la pilipili manga linalopendwa sana, mtoto anachovya kidole chenye sabuni kwenye sahani ya maji na pilipili inakimbilia pembeni, halionyeshi usafi hata kidogo. Linaonyesha sabuni ikivunja mkazo wa uso wa maji. Watoto wanaondoka wakiamini kwamba vimelea wanaiogopa sabuni, na kwamba kugusa tu kunatosha. Pengine ndiyo maana ukawaona wakilowesha ncha za vidole! Sabuni hufanya kazi kwa kushika mafuta na uchafu vinavyowabeba vimelea, na ni msuguano na maji yanayotiririka ndivyo vinavyowaondoa. Msuguano unataka muda, kama sekunde 20. Paka viganjani mafuta kidogo yaliyochanganywa na unga wa chaki ya rangi, mmoja anawe kwa maji matupu, mwingine kwa sabuni sekunde tano, wa tatu sekunde 20, walinganishe katikati ya vidole na chini ya kucha. Hilo haliwadanganyi.

Maji ya kunywa yana mambo yake, nitapita haraka. Kuchemsha: yakitokota kwa nguvu kwa dakika moja yanatosha, tatu kama mko juu ya mita 2,000, dakika ishirini ni kuteketeza kuni bure. Klorini: inahitaji dakika 30 kabla ya kunywa, na maji yenye tope huila dawa kabla haijafika kwa bakteria, kwa hiyo chuja kwanza. Haiui kila kitu. Mwaka 1993, mjini Milwaukee nchini Marekani, kimelea kiitwacho *Cryptosporidium* kilipita kwenye mtambo wa kusafisha maji na kukadiriwa kuwaugulisha watu wapatao 403,000, kwa sababu kinastahimili klorini. Kuchemsha kunakiua.

Pa kukaa ni kwenye ndoo. Maji mengi hutoka bombani yakiwa salama na kuchafuliwa baadaye na mkono unaoshika kata. Kama una rangi ya chakula, paka vidole vya mwanafunzi mmoja bila kuwaambia wengine, mwambie achote maji kwa kikombe kutoka kwenye beseni jeupe, halafu wengine wachote baada yake. Hakuna atakayekosa kuona maji yalichafukia wapi. Kutoka hapo watakuambia wenyewe kwa nini chombo chenye mdomo mwembamba na koki ni bora kuliko ndoo ya wazi, na hilo ni somo linalofika nyumbani siku hiyohiyo.

Kufika nyumbani lakini kwataka adabu. Mtoto akiingia na kumwambia bibi yake kwamba maji yake yana kinyesi, kilichobaki ni ugomvi. Badala ya kumtuma na ujumbe, mtume na swali: maji yetu yanakaa kwenye chombo gani, kwa siku ngapi, yanachotwa kwa nini? Mkubwa anayeulizwa hueleza, na akieleza husikia anachokisema. Vilevile, wanafunzi wakichora ramani ya vyanzo vya maji vinavyowazunguka, kama daktari John Snow alivyochora vifo vya kipindupindu kuzunguka pampu ya Broad Street mjini London mwaka 1854, waweke alama za visima na vyoo. Wasiweke majina ya waliougua. Aibu huwafanya watu wafiche kuhara, na kuhara kunakofichwa ndiko kunakoua.

Ndipo ninapofika kwa mgonjwa mwenyewe, kwa sababu hapa sayansi kidogo huokoa maisha waziwazi. Watu wengi bado wanamnyima maji mtoto anayehara, wakifikiri wanakausha tumbo. Waeleze wanafunzi kwamba ukuta wa utumbo una mlango unaoingiza chumvi na sukari kwa pamoja, na maji hufuata. Mlango huo huendelea kufanya kazi hata wakati wa kipindupindu. Ndiyo maana maji matupu hayatoshi na ndiyo maana kuna sukari kwenye pakiti ya ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini. Kama hakuna pakiti, lita moja ya maji salama, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kufuta. Chumvi ikizidi ni hatari, kwa hiyo wapime kwa vijiko halisi darasani, wasikariri tu. Na mtoto aliyelegea, macho yamezama, hawezi kunywa, apelekwe hospitali mara moja huku akipewa njiani kama anaweza kumeza.

Ukitaka kujua kama hayo yote yameingia, badilisha maswali yako. "Taja njia nne za kuzuia kipindupindu" hupima kumbukumbu. Jaribu hili: "Asha amechemsha maji, akayamimina kwenye ndoo aliyoisuuza kwa maji ya kisima, akaifunika. Eleza kosa liko wapi na kwa nini kufunika hakukusaidia." Aliyeelewa atajibu kwa mistari miwili. Aliyekariri ataandika ukurasa.

Sasa hadubini na koki. Mwambie mwalimu mkuu anunue koki, na usione haya ukiwa mwalimu wa sayansi. Hadubini za kawaida za shule hukuza mara 400 au pungufu. Bakteria hapo ni vidoto tu, na kuwaona vizuri kunahitaji ukuzaji wa mara 1,000, mafuta maalumu ya lenzi na rangi ya maabara. Watakachokiona watoto kwenye tone la maji ya dimbwi ni viumbe wakubwa wanaoogelea, wengi wao wasio na madhara. Kisha wataweka tone la maji ya kunywa, hawataona kitu, na watahitimisha kwamba ni salama. Utakuwa umetumia fedha nyingi kuwarudishia imani ileile uliyohangaika kuing'oa kwa glasi nne na wino. Lenzi ya kukuzia ya bei ndogo inatosha kuonyesha viluwiluwi vya mbu na minyoo.

Koki ziwekwe hatua chache kutoka mlango wa choo, kwenye njia wanayopita kurudi uwanjani, kwa urefu wa mtoto mdogo kuliko wote. Kama bomba haliwezekani, kibuyu chirizi cha kukanyaga kwa mguu kinatosha. Sabuni ya mche hupotea. Ning'iniza kwenye wavu mdogo, au weka maji ya sabuni ya unga kwenye chupa yenye tundu kifunikoni.

Kikibaki kitu, nunua mizani ndogo. Ukisimama kuhesabu wanaonawa, watanawa kwa sababu umesimama. Ukiwauliza, watasema ndiyo. Sabuni haiwezi kukufurahisha. Wanafunzi waiondoe kila Ijumaa, waipime Jumatatu, wagawe gramu zilizopungua kwa idadi ya watoto, wachore grafu. Ila wajue kwamba sabuni iliyolowa hupima na maji yake, kwa hiyo iachwe ikauke mpaka Jumatatu asubuhi ndipo iwekwe kwenye mizani, na kipande kingine kisichotumiwa kiwekwe pembeni cha kulinganishia.